Mkanda Nilioacha Mlangoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nimesimama kwa fimbo, lakini nimesimama, na aliyenisimamisha ni Yesu.

Mnanijua. Miaka kumi na tano nilipanda michikichi kule Lusangi, mkanda wa kupandia kiunoni, wala sikuanguka hata mara moja. Kisha nikapata kazi hapa Kasongo, kwenye kiwanda cha mawese. Siku ya kwanza kapita, msimamizi wetu, aliuona mkanda wangu akacheka: "Acha hiyo ku mulango. Hapa ni usine, ni kiwanda, haiko muchikichi." Nikauacha. Niliona haya kuonekana mtu wa porini.

Kulifikia pipa kubwa la kuchemshia tulipita juu ya ubao mmoja, hauna pa kushika, umelowa mafuta. Mara mbili nilimwambia kapita kwamba unateleza. Mara ya tatu sikusema, nilianguka. Nyonga ikavunjika.

Sasa sikieni, maana hapa ndipo ninapokasirika. Kabla sijafikishwa hospitalini, kapita alikuwa amekwisha kutangaza: "Walimuroga ule. Mutu wa michikichi hawezi anguka bure." Na ninyi, ndugu wa maombi, mkaja kitandani kwangu kutafuta jina la mchawi. Mkalitaja wenyewe: Shangazi Feza, aliyenilea, kwa sababu tuligombana juu ya shamba la muhogo. Nami nikanyamaza! Mpandaji akianguka huchekwa, akirogwa huhurumiwa. Nilinyamaza wiki mbili, watu wakaacha kumsalimu, wakamwambia arudi kwao Kabambare.

Asubuhi ya kuondoka kwake alikuja na sombe, kisamvu alichonipikia, akaniosha miguu, akauliza tu: "Mutoto wangu, nilikukosea nini?"

Hapo Bwana alinifungua. Si mguu, mguu bado unauma. Alinifungua mdomo. Nililia, nikaita nyumba nzima, nikasema: "Hakuna mutu alinisukuma. Ni mafuta. Ni ule ubao."

Shangazi hakuondoka. Ameketi pale, na ninyi mliomfukuza mnamwona. Kapita naye yuko hapa, benchi la pili. Nimemsamehe. Lakini ubao uko palepale, ndugu zangu, na kesho watoto wenu wataukanyaga. Mtumainini Mungu kwa moyo wote, na msimsingizie mtu uchawi kwa kosa la kiwanda. Akili ya kujifunga mkanda ni yeye aliyetupa.

Kapita, huu hapa mkanda wangu. Kesho usiuache mlangoni.