Rhoda Mbuke, Aliyeshikwa Mkono Mara Moja kwa Mwaka

Baba Padri, wazee, majirani wa Kambarage na nyote mliosafiri, familia inawasomea maisha ya Rhoda Mbuke kama alivyoyaishi, si kama yalivyochapishwa kwenye kalenda ya kampuni.

Marehemu alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Februari 1969, mtoto wa tatu wa mzee Telesphori Mbuke na mama Lukresia, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1983, akafaulu, ila aliyepelekwa sekondari akawa kaka yake, jambo alilolisimulia akicheka peke yake. Mwaka 1988 alihitimu upishi kwa masista, na tarehe 6 Oktoba 1990 akafunga ndoa na Eliya Mabula, fundi cherehani wa hapa Kambarage, wakajaliwa watoto wawili, Fredy, na Dorah ambaye ndiye anayewasomea.

Tarehe 3 Mei 2004 aliajiriwa jikoni katika kambi ya mgodi mmoja mkoani Geita, yenye mabwalo mawili, la wazungu lililoandikwa "Wageni" na la weusi lililoandikwa "Wenyeji", naye akapikia yote mawili miaka ishirini na moja, asiketi hata mara moja kwenye lile la kwanza. Kila tarehe 30 Julai kampuni iliadhimisha Siku ya Urafiki na Umoja wa Rangi Zote, marehemu akivishwa fulana yenye maneno "Sisi ni Familia Moja", akisimamishwa kando ya meneja, akishikwa mkono, akipigwa picha, kisha akirudi kuosha sahani za keki. Picha hiyo ilikaa kwenye kalenda miaka saba, meneja ametajwa kwa majina yake matatu, yeye ameandikwa "mpishi".

Rafiki alimpata bila maadhimisho. Abel, fundi mitambo mzee, mzungu, alikuwa akija mlango wa nyuma wa jiko saa nne asubuhi, akikalia kreti la soda, akila matobolwa, viazi vyetu vya kuchemshwa na kukaushwa, akishukuru kwa "wabeja", asante ya Kisukuma, aliyoitamka vibaya hadi marehemu akamwambia hata mbuzi wa kwao Bukombe wangeikataa. Juni 2019 wote wawili waliandikiwa barua ya onyo kwa kosa la kuchanganya maeneo ya chakula, na mwezi uliofuata marehemu akapigiwa simu awahi kwenye picha ya urafiki. Dorah, mwaka wa pili chuo kikuu, akamfokea kwamba anajidhalilisha, mama akamjibu kwamba mwanangu, hiyo fulana unayoicheka ndiyo inayokusomesha, akaenda. Dorah hajawahi kumwomba radhi, anamwomba leo mbele yenu.

Presha ilimwanza mwaka 2022. Tarehe 30 Julai mwaka huu wa 2025, akiwa ndani ya fulana ile ile, alianguka mbele ya jukwaa saa tano asubuhi, zahanati ya kambi ikiwa hatua arobaini tu, ikaelezwa kwamba ni ya wageni, kisubiriwe kibali, na kilipotoka saa moja na nusu baadaye keki ilikuwa imeshakatwa na kuliwa. Alifikishwa hospitali mjini Geita hajitambui, akafariki tarehe 4 Agosti, saa kumi na mbili asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku tano, majirani waliotupikia, na wenzake wa jikoni waliombeba mikononi wakati wakubwa wanatafuta mwenye kusaini. Kampuni nayo imeleta shada, lina utepe wa Familia Moja, na imeomba iitwe ya kwanza kuliweka, mpiga picha wao huyo hapo langoni. Haitaitwa. Baada ya familia ataitwa Abel, aliyekuja kwa basi tangu jana, na ambaye tangu afike anamenya viazi na akina mama nyuma ya nyumba, wakimcheka kisu kinavyomshinda. Akiweka shada lake, tunaomba asipigwe picha.

Mama, leo hakuna atakayekupigia simu uwahi. Pumzika kwa amani.