Musafiri wa Kwanza: Mukeke

Banc yetu ya kukalia iko Baraka, ku njia ya kushuka port, mbele ya kahawa ya Mama Pulchérie. Ni mbao moja tu ya boti ya zamani, lakini mambo yenye ilisha kuamuliwa pale, Kinshasa yenyewe haiiweze. Na ile kahawa ni kali: kuko muntu wa Mboko balimufunga sanda, bakamupitisha hapa, akasikia harufu, akainuka, akaomba sukari. Mi nilikuwa pale. Njo nilimupa kijiko. Mi bananiitaka Kilomètre, juu nimetembea sana. Ku pembe ingine anakaaka Avocat, mwenye ata mulango ya tribunal ya kesi hajaionaka, lakini kila kitu anateteaka. Wa tatu, wa kati, ni Bougie, fundi wa moto, zile pikipiki. Ile asubuhi tulikuwa tunatetea mambo yetu ya mupira, pale Ketsia, mutoto wa dada yangu, alitoka mu kiosque yake na ordinateur, kompyuta yake, ku mikono, macho imejaa maji.

— Mujomba, angalieni télé.

Ile télé ya kiosque inaangaliaka njia. Njo inaonyeshaka majina ya bantu benye biko mu boti. Baliiweka sababu ya ile mwaka boti ilizama, na siku tatu nzima hakuna mwenye alijua balikuwa ngapi ndani. Papa Henri, président wa benye boti, alimupa Ketsia mwezi moja ya kujaribu. Leo njo siku ya mwisho. Saa ine boti ya Uvira inatoka, Papa Henri anakuja kuona. Ikikataa, tunarudilia cahier ya kuandika majina, ile yenye inazamaka pamoja na bantu.

Tukaangalia. Iliandika: Musafiri wa kwanza, Mukeke. Wa pili, Ndagala Kavu. Wa tatu, Kuhe.

— Eh! Samaki batupu! Avocat akasema. Ndagala anaenda Uvira kufanya nini?

— Kusalimia bandugu, Bougie akamujibu. Anaenda kavu, anarudi mubichi.

— Musinicheke! Ketsia akasema. Mu ordinateur niko na bisanduku bitatu, banabiitaka kontena. Haiko ile ya chuma. Ni kila programme na nyumba yake, ikigonjwa isiambukize ingine. Moja inachunga majina ya basafiri. Moja inachunga bei ya samaki ya soko. Ya tatu njo dirisha, inaonyesha ku télé. Dirisha inapashwa kuomba majina ku sanduku ya majina. Leo inaenda kuomba ku samaki.

— Tangu saa ngapi? nikamuuliza.

— Tangu groupe, moteur ya umeme, ilizimika alfajiri, nikaiwasha tena. Sikugusa kitu!

Bougie akapangusa mikono ku suruali, kama docteur.

— Ni contact. Iko chafu. Toa ile sanduku, pangusa na essence ya pikipiki, rudisha. Asiyesikia la mukubwa anavunjika muguu.

— Yaya Bougie, sanduku haishikwe na mukono. Ni maandishi tu.

— Basi pangusa maandishi.

— Hapana, Avocat akasema. Hii ni kesi. Tangu dunia iumbwe samaki banakufaka bila jina. Leo bamepata mwanya. Na banasema samaki moja ikioza, zote zimeoza. Boti yote iko na hatia.

— Hatia ya nani? Bougie akauliza.

— Ya ule wa kwanza. Mukeke njo mukubwa wao.

Nikaona batoto ba leo bamepotea njia. Nikaweka kikombe chini.

— Sikilizeni. Mi nilishaka kuona hii Kigoma. Réseau ya téléphone ilipotea siku tisa. Nikapanda ku mulingoti, nikauma waya mbili na meno: huku Kigoma, huku Kalemie. Bantu banaongea, sauti inapitia mu kinywa yangu. Kuko mama alizaa mapacha, habari ilipita ku jino hii.

— Mujomba, pale hakuna jino.

— Njo unafikiri ilienda wapi? Mapacha!

— Wewe ulikuwa na meno mbili tu, Avocat akasema. Leo ni satellite imeanguka mu maji ya lac, mukeke imeimeza. Sasa inaongea kutoka mu tumbo yake.

— Bakubwa, imebaki nusu saa, Ketsia akasema. Papa Henri akiona hii, ananiambia nifunge.

Pale muntu akaita Bougie aende kumuwashia pikipiki yake. Kurudi, akakuta Avocat amesogea kati, yeye akakaa ku pembe. Mama Pulchérie akapitisha kahawa ya pili. Bougie akakunywa, akatema mpaka ku viatu vyangu.

— Mama! Hii haina sukari! Ni ya Avocat, mwenye ugonjwa ya sukari!

Avocat alikuwa ameisha kunywa nusu ya ile ingine, macho amefunga, kama muntu ameona Paradiso.

— Mi naangaliaka nafasi, Mama Pulchérie akasema, siangaliake sura. Wa kati sukari ine, wa pembe bila sukari. Nani alibaambia muhame?

Tukacheka. Ketsia hakucheka.

— Mama, rudilia.

— Nasema kila muntu abaki pahali yake!

— Njo vile! Ketsia akaruka. Dirisha niliiandikia namba: majina iko ku nafasi ya pili. Na hii bisanduku, ukibiacha ivi tu, binapewa namba kufuata mwenye ameamuka mbele. Leo samaki aliamuka mbele ya majina!

— Si ubiambie biitane na jina? nikamuuliza.

— Mu mutandao yenye binazaliwa nayo, majina haisikike. Ni namba tu. Napashwa kubifanyia mutandao yao, nibiingize.

Akakaa chini, ordinateur ku magoti. Hakushika souris, ile panya ya ordinateur, hakufungua picha. Ukurasa nyeusi, mistari tu. Mustari moja: akaunda mutandao, akaiita Bandari. Mustari ya pili: akaingiza sanduku ya majina. Ya tatu: akaingiza dirisha.

— Unaingiza bila kuzima moteur? Bougie akashituka.

— Binatembea tu, Yaya.

— Na samaki? Avocat akauliza.

— Anabaki inje.

— Bila kusikilizwa? Nafanya appel, nakata rufaa!

Ketsia akafuta ile namba mu dirisha, akaandika jina ya sanduku, akaiamusha upya. Télé ikakuwa nyeusi. Mi sikupumua ata dakika kumi na tano. Kisha majina ikashuka, moja moja: Zuberi, Clarisse, Willy... mpaka arobaini na moja. Bantu bote ba njia bakaniangalia mimi, juu mujomba ni mimi.

Papa Henri akafika na kofia yake. Akahesabu na kidole.

— Na groupe ikizimika?

Ketsia akaenda kuizima mwenyewe, akaiwasha tena. Tukangoja. Zuberi, Clarisse, Willy. Hakuna ata ndagala moja.

— Iko muzuri, Papa Henri akasema. Akanyoosha mukono amupe Ketsia.

Pale kuko mama alikuwa ametoka ku boti kununua mukate. Akasimama mbele ya télé, akasoma pole pole.

— Kumi na tisa, Marthe wa Makobola. Njo mimi huyu?

— Njo wewe, mama.

Akatugeuzia mugongo. Mutoto alikuwa amelala mu kitenge, kamuguu kamoja inje.

— Na huyu ni namba ngapi?

Avocat akainuka, akatafuta mutoto ku télé. Mutoto wa mugongo hakatiwake tiketi, basi hakuna mwenye anamuandikaka.

Papa Henri akarudisha mukono yake.

— Boti haitoke. Ketsia, shuka. Andika migongo yote. Ukimaliza, njo utakuja kunisalimia.

Ketsia alikuwa amesha fika ku maji, téléphone ku mukono. Sisi tukabaki mbele ya télé. Arobaini na mbili: Eddy, wa Marthe. Arobaini na tatu. Arobaini na ine. Boti ilitoka saa tano, na bantu makumi tano na tatu.

— Na benye biko mu tumbo? Avocat akauliza.

Mama Pulchérie akageuza birika. Tone moja.

— Nyamazeni, murudi kwenu. Kahawa imeisha.