Kaseti Isiyoandikwa Kitu: Wasifu wa Kaka Yetu Mtaimbo, 1971–2025

Ndugu, majirani, mafundi wenzake, na nyinyi mliomjua kwa sauti tu: anayewasomea ni mdogo wake wa mwisho. Wenzangu walinichagua kwa sababu eti nina mwandiko mzuri na kumbukumbu nzuri. Mwandiko sijui. Kumbukumbu ninayo, na ndiyo inayonitesa.

Kaka alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1971, mtoto wa tatu kati ya wanne wa baba fundi wa kupaka rangi nyumba na mama mshonaji. Mama alikuwa akisimulia kwamba alilia tangu alfajiri hadi mchana bila kuvuta pumzi, mpaka mkunga akasema, "Huyu, mama, amekuja na hotuba yake." Tulikulia vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha sabuni. Chumba chake ndicho kilichokuwa na cherehani, kwa hiyo alilala na kuamka kwa kishindo cha pedali. Baadaye, watu walipomuuliza nani alimfundisha mapigo, alijibu kwamba ni mama, akishona sare za shule.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979, kisha sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 1989. Kichwa chake kilikuwa kizuri, mdomo ndio ulikuwa wa balaa. Siku moja mwalimu wa hesabu, akiwa na fimbo mkononi, alimuuliza saba mara nane ni ngapi. Kaka akasimama, akajibu: "Saba mara nane, mwalimu tusigombane, hamsini na sita, mimi na wewe si vita." Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu akajikaza asicheke, akashindwa, akatoka nje. Hakuchapwa. Tangu hapo hakukuwa na sherehe shuleni ambayo hakuitwa kusema chochote.

Januari 1990 aliajiriwa kwenye duka la vioo na fremu, na hapo alifanya kazi mpaka Juni mwaka jana. Alianza kwa kubeba na kufunga, akaishia kuwa fundi mkuu. Alikuwa akipiga mstari mmoja tu juu ya kioo kwa kalamu ya kukatia, anagonga kwa kifundo cha kidole, na kioo kinaachana pale pale alipotaka. Jina la Mtaimbo alipewa dukani, kwa sababu alikuwa mrefu na mwembamba na hapindi. Akalichukua likawa jina lake la muziki.

Muziki ule tuliuita wa kufokafoka, na wazee waliuona ni kelele za watoto waliokosa kazi. Kaka alikuwa na kazi, na bado alifoka. Alikuwa na mwenzake fundi redio, ambaye wote tulimwita Sindano, kwa vile alitengeneza mapigo kwa kurudisharudisha sindano ya gramafoni mahali pamoja kwenye sahani. Walikuwa chanda na pete. Kila Ijumaa baada ya kazi walijifungia chumbani kwa Sindano, magodoro mawili yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za barabara, wakarekodi kwa redio kaseti ya deki mbili. Walifanya hivyo mwaka mzima wa 1996. Ijumaa ya tarehe 14 Februari 1997 walimaliza wimbo wa kumi.

Sasa naomba mnisikilize, maana aya zinazofuata kamati ya mazishi haikuziona. Mimi ndiye niliyepeleka karatasi kwa mchapaji. Wifi yangu anazisikia sasa hivi, pamoja nanyi.

Nyimbo zote kumi zilikuwa kwenye kaseti moja ya dakika sitini. Walikuwa wamenakili wimbo mmoja tu, wakampa mtangazaji wa redio, naye akaupiga mara mbili mwezi Januari. Tisa zilizobaki hawakumpa mtu, kwani Sindano alitaka kazi itoke nzima. Hawakuandika kitu juu ya kaseti, wakiogopa wezi. Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba kwenye ukingo wa juu wa kaseti kuna vijipande viwili vya plastiki. Ukivivunja, redio inakataa kurekodi juu yake. Kaka hakuvivunja. Ubeti wa mwisho wa wimbo wa kumi haukumridhisha, na alitaka kuurudia Jumatatu.

Jumapili, tarehe 16, nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimetuma kadi kwenye kipindi cha salamu. Nilitaka kunasa jina langu likisomwa redioni. Niliingia chumbani kwa kaka, nikakuta kaseti juu ya cherehani, haina maandishi. Nikadhani ni tupu. Niliitia kwenye redio ya mama, nikabonyeza, kipindi kilipofika katikati nikaigeuza upande wa pili. Saa nzima nilikaa nimeshika mashavu, roho juu. Jina langu halikusomwa.

Kaka alirudi jioni, akaitafuta. Alipindua godoro, akafungua mpaka tumbo la cherehani. "Nani ameingia humu?" aliuliza. Mama akasema, "Si Sindano alikuja jana kuchukua nyaya zake?" Na ni kweli Sindano alikuja Jumamosi kuchukua nyaya. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimekwishaelewa ni kaseti ipi, nimeificha kiunoni ndani ya sketi. Kaka alitoka bila viatu. Aliporudi, shati lake lilikuwa limechanika begani na mdomo unatoka damu. Alisema, "Ameniangalia usoni akakana."

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Mapigo yalikuwa ya Sindano na mashine ilikuwa ya Sindano, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kurekodi upya. Kaka aliacha muziki. Waliishi mitaa miwili kutoka mmoja kwa mwenzake kwa miaka ishirini na minane, na kaka alipomwona kwa mbali alivuka barabara.

Tarehe 6 Oktoba 2001 kaka alifunga ndoa na wifi yangu hapa. Walijuana wifi alipokuja dukani kununua kioo cha dirisha la jikoni. Kaka akakikata kikapungua upana wa kidole, wifi akarudi. Akakata kingine, kikapungua tena. Mara ya tatu mwenye duka akamuuliza kaka kama amesahau kusoma futi. Wifi anasema alijua tangu safari ya kwanza, na kwamba dirisha lenyewe lilikuwa zima. Walijaliwa watoto watatu. Siku ya harusi kiti cha msimamizi alikikalia kaka yetu mkubwa. Kingekuwa cha Sindano.

Mwezi Oktoba 2022 binti yake, anayeuza simu, aliusikia wimbo wa baba yake dukani, ukitoka kwenye simu ya mteja. Ulikuwa ule mmoja wa redioni. Mtu fulani, mpaka leo hatumjui, alikuwa ameunasa zamani, akautia mtandaoni. Mwaka ule vijana ambao hawajawahi kushika kaseti walikuwa wanafukua nyimbo za kufokafoka za zamani kama watu wanaotafuta ukoo wao. Wasanii wa enzi za kaka, waliokuwa wamezeekea kwenye kazi nyingine, walijikuta wanasikilizwa kuliko walipokuwa vijana. Kufikia Aprili 2023 wimbo wa kaka ulikuwa na wasikilizaji laki tisa kwa mwezi. Kaka alimwambia binti yake ahesabu sifuri upya.

Kijana mmoja alikuja kupimiwa kioo, masikioni ana visikilizi, anaufuatisha wimbo mstari kwa mstari. Kaka akamgusa bega. "Huyo unayemsikiliza ni mimi." Kijana akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Sawa, mzee. Nikatie kioo." Alituhadithia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alicheka yeye wa kwanza.

Lakini wasikilizaji walikuwa na swali moja. Kila jioni alivaa miwani, akasoma jumbe zao: "Nyimbo nyingine ziko wapi, mzee?" Alimjibu kila mmoja, kwa kidole kimoja, neno lile lile: "Zinatafutwa." Na kweli alizitafuta. Jumamosi moja ya Juni alikuja kwangu, akaniomba tufungue sanduku la marehemu mama, lililobaki kwangu, pengine kaseti iliingia humo kwa bahati. Nikamwambia, "Kaka, sanduku hilo nimelipekua, hamna kitu." Alikuwa amelikalia. Kaseti ilikuwa chini yake, ndani ya soksi. Alikunywa chai yangu, akanishukuru, akaenda zake.

Alijaribu kuyakumbuka maneno. Kati ya nyimbo tisa, alizikumbuka tatu tu mpaka mwisho. Wakati huo sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Sote tulisema ni vumbi la kioo. Novemba 2023 madaktari walikuta uvimbe kooni, na Mei mwaka jana wakasema kisanduku cha sauti kitolewe. Wiki moja kabla ya upasuaji, binti yake alimrekodi kwa simu, amekaa kitandani, anafoka wimbo mmoja kati ya zile tatu. Alipumzika baada ya kila mistari miwili. Wakautia mtandaoni kwa jina lake.

Majibu yalikuja kabla hajalala. "Huyu feki." "Mtaimbo halisi hana sauti hii." "Wewe babu, acha kuiga watu, hujui aibu?" Binti alitaka kumnyang'anya simu, akakataa, akasoma yote. Mwisho akasema, "Wanamtetea. Mimi ndiye wanayemtetea, lakini mimi simo." Nimejaribu kulifuta neno hilo kichwani, limekataa.

Baada ya upasuaji aliandika kwenye daftari la shule. Aliandika vizuri, kwa vina alipokuwa na nguvu. Alimwandikia nesi: "Sindano zako kali, lakini moyo wako asali." Nesi alichana ukurasa ule akauweka mfukoni. Januari mwaka huu ugonjwa ulirudi, na madaktari wakaturuhusu tumrudishe nyumbani.

Tarehe 2 Machi, mchana, tukiwa wawili, aliniandikia hivi: "Nenda kwa Sindano. Mwambie kaseti abaki nayo. Nimemsamehe."

Nilitoka. Nilifika mpaka kwenye kona, nikauona mlango wa Sindano uko wazi na yeye ameinamia redio ya mtu. Sikuvuka barabara. Nilisimama hapo muda ambao ningetumia kwenda na kuzungumza, kisha nikarudi nikamwambia kaka, "Nimemwambia. Ameshukuru." Kaka alinipapasa mkono. Alionekana mtu aliyetua mzigo. Niliuona uso huo nikasema siwezi kuuharibu, na huo pia ulikuwa uongo, maana nilichookoa ni uso wangu.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa umetoka tu kwenye mkono wa mkewe. Barabarani gari lilipita likiupiga wimbo wake. Wifi alinyanyuka kufunga dirisha, akarudi, akakuta ameshaondoka.

Ameacha mjane, binti mmoja na wavulana wawili, kaka mmoja, dada mmoja, na mimi. Ameacha kalamu yake ya kukatia vioo, ambayo duka limeirudisha kwa familia. Ameacha pia watu milioni moja na laki mbili waliomsikiliza mwezi uliopita, wanaodhani ni kijana.

Sindano, kaka yangu, kama umekuja, na nadhani umekuja: hukuiba kitu. Uliangaliwa kama mwizi kwa miaka ishirini na minane kwa ajili ya kadi yangu ya salamu. Msamaha uliotumiwa haukuwa wako kuupokea. Ulikuwa wangu, na aliyekuwa nao sikumwomba.

Kaseti ninayo hapa. Ni watu nisiowajua wakiwasalimu watu nisiowajua, saa nzima. Lakini kipindi kiliisha mapema kidogo kuliko mkanda, nami nikazima redio. Kwa hiyo mwishoni kabisa mwa upande wa pili kaka yumo bado. Hafoki. Anakohoa, kisha anasema, "Sindano, simamisha. Hapa sijapapata. Tutarudia Jumatatu."

Maneno hayo alikuambia wewe. Kabla sijapeleka karatasi hizi kuchapwa, nilivunja vile vijipande viwili kwa kisu cha jikoni. Ni kazi ya sekunde mbili. Njoo uichukue mkononi mwangu, na ukikataa kunisogelea nitaiweka juu ya kiti niondoke.

Pumzika kwa amani, kaka. Wanaouliza nyimbo nyingine ziko wapi, kuanzia leo nitawajibu mimi.