Ombi la Wafuaji Kuhusu Tope la Bwawa la Tatu

Mgeni rasmi, Meneja wa Mabwawa ya Maji Machafu, pamoja na askari wako wa getini aliyetukagua asubuhi mpaka ndani ya vipochi: pokeeni salamu zetu, na poleni na jua.

Karibu

Sisi ni wafuaji na wapiga pasi wa hospitali. Wiki nzima tunashinda kwenye mvuke, na dirisha letu moja linatazama ukuta. Uliposema, "Wafungulieni geti waje watazame ndege wao," hukujua umetupa nini. Asante sana. Tena sana.

Tulikoanzia

Safari yetu ya kwanza tulikwenda pwani. Mkuu wetu wa zamu, hata kabla hajashuka garini, akaona weupe juu ya mikoko, akafoka, "Nani kaanika mashuka kule? Yatapata madoa!" Mashuka yakaruka. Kumbe ni yangeyange, wale ndege weupe, kundi zima! Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma, na jina la kikundi tukalipata hapohapo.

Tulichovuna

Mheshimiwa, yupo mwenzetu tunamwita Mama Pasi. Tangu amzike mumewe alikuwa anapiga pasi, anakunja, anaondoka. Hata salamu alijibu kwa kichwa. Leo tumepita mikoko ya kando ya mabwawa yako tukafika kwenye tope la Bwawa la Tatu, kimya kabisa, kwa sababu kwetu anayepaza sauti hubeba chupa ya chai ya wote kutwa nzima. Mara vitwitwi, wale ndege wageni wadogo wa miguu myembamba watokao mbali kila mwaka, wakaanza kutua. Mama Pasi akapiga ukelele: "Jamani, wamerudi! Wamerudi kweli!" Vitwitwi wakatimka. Hakuna aliyekasirika. Wengine tulikuwa tunafuta macho, tukasingizia vumbi.

Kinachotusumbua

Kisha tukaona vigingi vyekundu. Askari akatwambia Jumatatu malori yanakuja kumwaga kifusi, bwawa liwe maegesho. Mama Pasi akauliza, "Na mwakani watatua wapi?" Swali lile tumekuletea wewe.

Ombi

Hatuombi banda wala viti, kukaa chini tumezoea. Magari nayo tunajua yanahitaji pa kuegesha, na kiwanja kikavu cha nyuma ya ghala kipo. Tunaomba tope tu, libaki tope.

Na kabla hujatujibu, tafadhali nenda na Mama Pasi mpaka ukingoni. Ni yule pale nyuma mwenye chupa, anatumikia adhabu yake. Vitwitwi wameshaanza kurudi. Ila angalia, mheshimiwa: ukiwaona ukapaza sauti, chupa utabeba wewe.

Mungu akujalie afya, macho mazima, na watu wa kukungoja nyumbani.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Mashuka Yarukayo