Mzee Kona na Ukumbi Unaonong'ona

Mzee Kona ametumikia chuo hiki miaka thelathini na moja, na Ijumaa hii anastaafu. Kuandika wasifu wake nimepewa mimi, bibi wa usafi, kwa kuwa nilimjua kabla hajaota mvi. Wenye kalamu nzuri mnivumilie, au mngeandika wenyewe.

Alianza kama fundi wa kupaka chokaa. Siku moja, juu ya ngazi katika kona ya ukumbi wa kuba, alimsema mkuu wa chuo wa wakati ule chinichini, kwamba ni bahili kupindukia. Mkuu alikuwa kona ya mkabala, akasikia kila neno. Ukumbi ule ndivyo ulivyojengwa: mnong'ono hupanda na tao, ukashukia upande wa pili. Badala ya kumfukuza, mkuu alicheka, akampa kazi ya kutembeza wageni.

Toka hapo mgeni haoni ngazi za mawe wala madirisha ya vioo vya rangi kabla hajasimamishwa kona kama mtoto aliyekosa. Na viatu vya tope aliwaacha wageni waingie navyo! Hilo sijamsamehe.

Mafundi walipoleta mbao za kuziba kuba kwa dari, alimsimamisha mkuu wa sasa konani, akamnong'oneza kutoka ng'ambo: "Mama, ukiziba hapa, chuo kinakuwa bubu." Mbao zikarudi zilikotoka.

Mwezi uliopita, binti mdogo wa mgeni alinong'ona kutoka kona yake. Mzee akatabasamu, akajibu, "Karibu sana, mjukuu wangu." Mtoto alikuwa ameuliza choo kiko wapi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Ndipo tukajua masikio yamemtupa mkono. Ameigiza kusikia tangu lini, hasemi, mbishi huyo.

Akaomba kupumzika, ila kwa sharti moja: kona zisife. Wenye ofisi walishataka kufunga matembezi. Nikasema nitasimama mimi mahali pake, na ufagio wangu. Amenifundisha wiki nzima, akilalamika kwamba nanong'ona kama nafukuza kuku.

Ijumaa msikimbilie makofi. Yeye atasimama kona yake, mimi yangu, nimnong'oneze shukrani za wote. Akijibu "Karibu sana," nitajua hajasikia kitu. Basi nitauvuka ukumbi mzima, nimwambie sikioni: Kaka, asante. Nenda kaishi vizuri, upumzike, uje kututembelea. Na viatu ufute mlangoni.