Kitambaa Kinabaki, Mama Mizani Anaondoka

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote wa zamu zote, wakiwemo walio likizo, kwamba kitambaa cha maua ya zambarau kinachofunika uso wa mizani ya abiria hakitaondolewa. Uamuzi huu umetolewa na Bwana Meneja juzi saa nne asubuhi, baada ya kikao kilichochukua vikombe vitatu vya chai, na haukatiwi rufaa.

Tusingesumbuana na tangazo hilo kama mwenye kitambaa asingekuwa anatuaga. Tarehe 30 mwezi huu Mama Mizani anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika uwanja wetu huu mdogo wa ndege, wenye njia moja ya kurukia, mlango mmoja wa kuingilia, na huo huo wa kutokea.

Aliajiriwa kufagia ukumbi wa abiria. Mwaka wake wa pili karani wa mizani aliteguka mguu akishuka kwenye hiyo hiyo mizani, na Mama akaombwa ashike kalamu kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili ndizo anazozimaliza sasa.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: ndege zetu hubeba abiria kumi na wawili, karibu wote watalii wanaokuja kupiga picha maporomoko ya maji. Kwa ndege ndogo namna hiyo kila kilo ina neno. Abiria anapimwa yeye na begi lake, jumla inapelekwa kwa rubani, na ikizidi, kuna kitu au mtu anayebaki chini.

Zamani karani alisoma uzito kwa sauti, ili rubani asikie akiwa nje. Mama, akiwa bado na ufagio mkononi, alishuhudia siku karani alipotangaza kilo za bibi harusi wa siku tatu, na bwana harusi akacheka. Alicheka peke yake. Wawili hao waliomba viti vya mbali mbali, na sababu haikuwa usalama wa ndege.

Kwa hiyo alipokabidhiwa kalamu, kabla hajaandika chochote, alivua kitambaa chake cha kichwani akaufunika uso wa mizani. Kikawa kinapeperushwa na upepo wa panga za ndege. Fundi wetu akamtengenezea fremu ya chuma ya kukishikilia, akaifunga kwa nati nne juu ya bamba wanaposimama abiria. Tangu hapo utaratibu ni mmoja: abiria anapanda, Mama anainua pembe ya kitambaa, anachungulia, anaandika, anashusha. Mizani isiyo na mtu inafunikwa kama chakula cha mgeni. Vitambaa vyenyewe ni viwili, vinafanana, na kisafi huvalishwa juu ya kichafu kabla kichafu hakijavutwa chini, ili mizani isikae uchi hata dakika moja. Mkaguzi wa vipimo anapokuja kila mwaka, fremu na kitambaa hushushwa kwa pamoja, mizani inapata cheti, kisha mambo yanarudi mahali pake.

Siri za watu amezitunza kuliko benki. Kuna mume aliyemfuata hadi chumba cha chai akitaka kujua kilo za mkewe. Alirudi na kikombe cha chai na aibu. Kuna mtalii aliyepanda kwenye mizani amevaa makoti manne, juani, mifuko yote imejaa mawe ya ukumbusho. Mama alimtazama, akamkaribisha tena, safari hii bila mlima. Naye mkuu wetu wa zimamoto, mtu wa kifua na sauti, kwa miaka kumi na minne amemsihi amwambie tu kama amepungua. Jibu halijabadilika: "Baba, viatu vyako vizuri."

Ila mtihani wenyewe ulikuja miaka kumi na moja iliyopita. Bwana Meneja alikuwa na miezi miwili tu hapa, na tayari ameitwa makao makuu kwenye usaili wa cheo kikubwa zaidi. Siku ya safari, watalii walikuwa kumi na mmoja, yeye wa kumi na mbili. Jumla ikazidi kwa kilo kumi na sita. Watalii walikuwa wanawahi ndege za kwao.

"Mzee, utabaki," Mama akamwambia.

Meneja akauliza kama anajua anaongea na nani. Akajibu anajua, ndiyo maana anaongea kwa sauti ya chini. Meneja akadai aone namba. Akaambiwa yake ataiona, za wenzake hapana. Akainuliwa pembe ya kitambaa, akachungulia, akashuka na begi lake. Ndege ikaondoka, na usaili ukaondoka nayo.

Jumatatu ikaja barua: Mama ajieleze ndani ya siku tatu kwa nini asifukuzwe kazi. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja: "Ilizidi kilo kumi na sita." Alhamisi barua ikafutwa. Cheo kilikwenda kwa mtu mwingine, Meneja akabaki nasi, na siku hizi kisa hicho anakisimulia mwenyewe, akipunguza kilo zake kila mwaka.

Basi mwezi uliopita tulipochanga tumnunulie Mama saa ya ukutani, alikataa. Alisema kwake ziko mbili na hazielewani. Alitaka jambo moja tu. Makao makuu yalikuwa yameleta waraka kwamba namba za mizani zionekane na kila mtu, kwa ajili ya uwazi. Yeye alitaka kitambaa kibaki, abiria wasije wakaanza kutangazwa tena mara tu akigeuza mgongo. Tulishika roho, maana wa kuamua ni yule yule aliyeachwa chini. Mlango wa ofisi ile haufungi vizuri, tukasikia.

"Sasa Mama, mimi waraka huu nitauficha wapi?"

"Chini ya kitambaa, Mzee."

Kikafuata kicheko cha watu wawili, kisha tangazo mlilolisoma hapo juu. Kalamu inapokelewa na dada wa tiketi, ambaye ameshaapa kwa mkuu wa zimamoto kwamba hataambiwa kitu.

Mama Mizani, umetupima wote na hujamsema hata mmoja. Asante sana. Nenda ukale bila kujumlisha, ulale mchana, uwabebe wajukuu kwa kukisia. Tutakuja kukusalimia na uzito wowote tutakaokuwa nao, na heri zote ziwe zako.

Tukiwa tunapeleka karatasi hii kwa mchapaji, fundi ameleta taarifa. Jana vitambaa vyote viwili vilipelekwa kufuliwa kwa ajili ya sherehe, na kwa mara ya kwanza fremu ikabaki juu ya mizani peke yake. Mshale ulikuwa kwenye nne. Fundi akafungua nati, akaiondoa fremu, mshale ukarudi kwenye sifuri. Amerudia mara tatu. Kila abiria amekuwa akipimwa pamoja na kilo nne za chuma, na siku ile ya kilo kumi na sita walikuwa kumi na wawili, kwa hiyo Bwana Meneja angepanda.