Keki Isiyo na Jina la Fundi

Miaka ishirini na sita chini ya magari ya watalii inatosha jamani. Fundi wetu mkuu, Baba Simel, anatundika spana tarehe 30 Juni mwaka huu. Jina lake halisi lisubiri kidogo. Kampuni, kwa ukarimu wake usio na mfano, imemwandalia keki.

Alikuja Karatu kutoka Machakos, Kenya, kwa mkataba wa msimu mmoja tu. Tangu hapo amepokea springi zilizokatika kutoka kwa madereva wanaoapa kwamba kreta ya Ngorongoro waliiteremka polepole kama maharusi. Amevuta Land Cruiser kutoka kwenye matope ya Mang'ola huku malori ya vitunguu yakimpigia honi. Meneja aliyekwenda kumwelekeza alirudi na kiatu kimoja. Tunamshukuru meneja kwa mchango wake.

Katika pilikapilika hizo alimwoa Seenoi, Mmaasai wa Ngorongoro. Wakajenga hapahapa Karatu na kulea watoto, wa kwanza akiwa Simel.

Sasa ikagundulika kwamba kibali chake cha kazi kinakufa siku ileile ya keki. Ili asirudishwe Machakos, ambako hata binamu zake wamemsahau, akaomba ukaazi wa kudumu kwa njia ya ndoa. Jambo dogo tu: wathibitishe kwamba wanafahamiana.

Kwenye usaili wa uhamiaji waliwekwa vyumba tofauti. Seenoi akaulizwa jina la mume wake. Akainama. Akaulizwa tena, akajibu ni Baba Simel. Kwao, mke mwenye heshima hatamki jina la mumewe. Hata siku jeki ilipoteleza ikambana fundi mguu, mama huyu aliingia karakana akipiga mayowe ya Baba Simel, Baba Simel. Lakini afisa, msomi hasa, akahitimisha kwamba mwanamke hamjui mume wake. Ombi likakataliwa. Hongera kwa uchunguzi makini!

Fundi alirudi kazini akafungua injini nzima isiyo na tatizo lolote. Sisi tukamtania kwamba Kenya kuna chai nzuri, ila roho zilituuma kwelikweli.

Wakakata rufaa. Safari hii waliketi pamoja, na swali likawa lilelile. Seenoi akajifunika uso kwa shuka, akatamka: Mutinda. Afisa akaridhika. Fundi, ambaye hakutoa chozi hata mguu ulipobanwa, akaangua kilio mpaka afisa akaenda kumtafutia maji. Anasema alilia kwa sababu mkewe alivua heshima yake mbele ya mgeni ili yeye abaki nyumbani.

Kibali cha ukaazi kimetoka wiki iliyopita, kwa hiyo tutaendelea kukuvumilia mtaani, mzee wetu. Asante kwa magari yote, na kwa matusi ya Kikamba tuliyodhani ni baraka. Ukae salama, unywe maziwa, usiguse injini ya mtu.

Keki imeandikwa Baba Simel, kwa agizo la Mama Simel mwenyewe. Lile jina lingine, amesema, limeshamaliza kazi yake.